Unene Kigoma mjini, udumavu vijijini: tuangalie bei kabla ya kuwalaumu watu

Mkuu uliyeanzisha uzi umeuliza kwa nini vitambi na kisukari vinaongezeka Kigoma mjini wakati kila kikao tunaambiwa habari za watoto waliodumaa, na ukapendekeza serikali ipige marufuku chipsi. Wachangiaji wengi wamekujibu kwamba watu wamekuwa wavivu na walafi. Mimi nina duka Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, kwa miaka mingi, nauza unga, mafuta, sukari, maharage na dagaa. Mama yangu mzazi anaishi na kisukari. Kwa hiyo jambo hili naliona dukani na naliona jikoni, na hiyo hoja ya uvivu siikubali hata kidogo. Watu wananunua kile ambacho sera ya chakula imekifanya kipatikane kwa urahisi.

Tuanze na takwimu za taifa. Utafiti wa afya ya jamii wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa, kutoka 34 mwaka 2015/16. Hayo ni mafanikio na lazima tuyapongeze. Lakini utafiti huohuo ulikuta wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri wamefika asilimia 36, kutoka 28. Na asilimia 42 ya wanawake wa umri huo wana upungufu wa damu. Ziweke pamoja hizo mbili: mwanamke anaweza kuwa mnene na damu yake haitoshi. Tumbo limeshiba, mwili bado una njaa.

Wazee wetu walikula yanga, ule unga wa njano wa msaada, na sera ya chakula ya nchi hii ilijengwa na watu walioikumbuka njaa ile. Ndiyo maana nguvu kubwa imekwenda kwenye nafaka. Wakala wa Hifadhi ya Chakula ananunua mahindi, mbolea ya ruzuku kwa sehemu kubwa inaishia kwenye mahindi, na bei ya sembe ikipanda bungeni panachafuka. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini Kigoma ni mkoa wa maharage, na maharage hayana mtetezi wa namna hiyo. Mkulima wa Kasulu au Buhigwe anayauza msimu wa mavuno kwa bei ya kutupa kwa sababu ana ada na madeni, malori yanayabeba, na miezi michache baadaye familia yake inakula ugali wa muhogo na lengalenga (mchicha) bila chochote cha kujenga mwili.

Mteja wangu wa jioni mwenye elfu mbili mkononi anapata unga nusu kilo, kipimo cha mafuta na sukari kidogo ya chai. Dagaa wa kutosha watu watano hawaingii hapo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, niliyaona haya waziwazi kuliko wakati mwingine wowote. Kupumzisha ziwa ni uamuzi sahihi, ni makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka, na bila hivyo wajukuu wetu hawatamjua mgebuka. Lakini dagaa walipanda bei, na sikuona mpango wowote wa kuwafikishia watu maharage au mayai kwa bei nafuu kwa miezi ile mitatu. Kilichoongezeka dukani kwangu ni ngano, mafuta na sukari. Familia zilihamia kwenye maandazi na chai. Wataalamu wa uvuvi walifanya kazi yao; wa lishe walipaswa kuwa mezani nao tangu siku ya kwanza.

Mafuta yana habari yake. Mwaka wa fedha 2018/19 ushuru wa mawese ghafi kutoka nje ulipandishwa hadi asilimia 25, na yaliyosafishwa asilimia 35, ili kumlinda mkulima wa alizeti na michikichi. Sisi wa Kigoma tulifurahi, na pale kituo cha utafiti wa kilimo cha Kihinga miche bora ya michikichi imezalishwa kweli. Mawese yetu mekundu yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na ndicho kinachoyapa ile rangi. Kiwandani yakisafishwa na kung'arishwa, kitu hicho huondoka, ndipo kanuni za 2011 zikalazimisha vitamini A iongezwe kwenye mafuta ya kula. Hayo yote ni mema. Ila gramu moja ya mafuta, mekundu au meupe, ni kilokalori 9, mara mbili na zaidi ya wanga, na karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale mazito yanayopandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Mama yangu alikuwa akimimina mawese kwenye kisamvu bila kupima kwa kuamini kwamba cha asili hakidhuru. Hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo mpaka alipoanza kwenda kliniki ya kisukari.

Soda je? Kwetu ushuru wa bidhaa kwenye vinywaji baridi hutozwa kwa lita. Kinywaji chenye sukari nyingi na chenye sukari kidogo vya aina moja vinalipa sawasawa, kwa hiyo kiwanda hakina sababu ya kupunguza sukari. Uingereza tangu Aprili 2018 wanatoza kwa kiwango cha sukari: chini ya gramu 5 kwa mililita 100 hulipi, ukifika 8 unalipa zaidi. Viwanda vingi vikapunguza sukari hata kabla ya tarehe kufika. Afrika Kusini nao walianza mwezi huohuo, wakitoza kila gramu inayozidi 4. Chupa ya soda ya mililita 500 kwa kawaida ina gramu 50 hivi za sukari, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi kiasi hicho kwa siku nzima, ikiwezekana nusu yake. Na mimi ninayeuza soda naunga mkono ushuru wa namna hiyo. Nitauza vingine.

Kuna anayeuliza huko juu unene una uhusiano gani na udumavu. Upo, na ni mkubwa. Waholanzi waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati wa njaa ya 1944–45 walifuatiliwa hadi utu uzima, na miili yao ilionekana kushindwa zaidi kuimudu sukari. Mtoto aliyelishwa vibaya kijijini leo, akihamia Gungu hapa mjini au Dar akaanza kula kama mjini, anabeba hatari kuliko mwenzake. Hivyo halmashauri inayotenga Sh 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka 5, kama mkataba wa lishe kati ya serikali kuu na mikoa unavyotaka, inapambana na kisukari cha baadaye pia. Ninachokiona pungufu ni hiki: siku za afya na lishe za kijiji nilizohudhuria, mtoto anapimwa, mama aliyembeba hapimwi kiuno wala presha, na bibi aliyewasindikiza haulizwi kitu. Mpango wa taifa wa lishe wa 2021/22 hadi 2025/26 unautaja unene na magonjwa yasiyoambukiza. Kijijini haujafika na kipimo chochote cha mtu mzima. Futi ya fundi cherehani inatosha kuanzia.

Sasa chipsi. Marufuku itawaumiza kina mama wanaosomesha watoto kwa karai moja la mafuta, na wateja watahamia kwenye maandazi. Ningekuwa na nafasi ya kumshika diwani mkono ningemwomba mambo mawili. Maharage na dagaa viingie kwenye chakula cha shule, maana kamati nyingi zinakusanya mahindi tu na mtoto anakunywa uji mtupu. Na mbele ya geti la shule pauzwe maembe, ndizi, karanga na mihogo ya kuchemsha, na watakaopewa nafasi hizo wawe walewale kina mama wanaouza pale leo. Bajeti ya halmashauri inaanza kuandaliwa mapema kuliko wengi tunavyodhani. Kwenye mikutano ya mtaa ya mwisho wa mwaka ndipo maombi haya yanapotakiwa yawe yameshaandikwa kwenye muhtasari.