Ukikimbia ufuo wa Shela, geuka kabla maji hayajageuka

Jumapili saa kumi jioni usitoke. Umeniuliza viatu, mavazi, njia ya Matondoni na pa kunywa chai baada ya mbio zako za Lamu; hayo yatangoja. Kwanza hili, maana ratiba uliyonitumia ina shimo ambalo kila mgeni wa Lamu mwenye saa ya kupima mbio mkononi hulitumbukia.

Umeandika kwamba utaanzia uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu, ufuate barabara ya pwani hadi Shela kilomita 3, uingie ufuoni kilomita 7 zaidi, kisha ugeuke urudi ulikotoka, jumla kilomita 20. Umechagua saa kumi kwa sababu jedwali ulilolikuta mtandaoni linasema maji yanajaa 13:45, basi kufikia saa kumi yatakuwa yametoka kwa zaidi ya saa mbili na mchanga mgumu utakuwa umeanza kutokeza. Hesabu yako haina kosa. Kosa ni kwamba jedwali hilo limeandikwa kwa saa za Greenwich.

Kenya iko mbele ya Greenwich kwa saa 3. Hiyo 13:45 yao ni 16:45 ya hapa, yaani saa kumi na dakika 45 jioni. Kwa mwendo uliotaja wa dakika 6 kwa kilomita, utafika Shela saa kumi na dakika 18, maji yamebakisha chini ya nusu saa kujaa kabisa. Utarudi Shela saa kumi na moja na dakika 42, na kwa muda huo maji yatakuwa yameshuka kidogo mno hata huwezi kuona tofauti. Kilomita zako zote 14 za ufuo utazikimbia pasipo na ufuo.

Na unajuaje kwamba jedwali ni la Greenwich kama halikuandikwa? Tazama mwezi. Jumapili yako inaangukia mwezi 16 kwa hesabu ya mwezi mwandamo, siku moja tu baada ya mwezi mpevu. Hilo ni bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Katika pwani yetu bamvua hujaa kwenye saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne na nusu hadi saa tano, asubuhi na usiku. Ndivyo bahari ya hapa inavyokwenda. Jedwali likikuambia bamvua la Lamu linajaa saa nane kasorobo mchana, huna haja ya kumuuliza mtu: limekosea saa 3. Na maji mafu, yaani maji madogo ya nusu mwezi, ni kinyume chake. Mwezi 7 au 8, na tena 22 au 23, hujaa kwenye saa nne na saa tano, na kupwa kuangukia jioni.

Sasa niwaseme wanaotupia majedwali haya kwenye kurasa za wageni. Unachukua namba za Kilindini, bandari ya Mombasa, unaziweka juu ya picha ya dau lenye tanga jeupe, unaandika "Lamu" kwa herufi za kupambapamba, halafu neno moja la kueleza ni saa za nchi gani linakushinda? Rangi tano za mawimbi umepata nafasi ya kuzichora! Na nyinyi wa ramani za mbio, mnaochora mstari wa buluu Shela hadi Kipungani kana kwamba ni barabara ya lami. Mstari huo mara mbili kwa siku uko chini ya maji. Samaki ndio wanaofuata njia yenu.

Kuna na ndugu yake kosa hili. Mtu anaona 10:45 kwenye jedwali anaisoma kwa Kiswahili, saa kumi na dakika 45, kumbe ni saa tano kasorobo asubuhi. Mimi nasema andika namba zote upya kwa mkono wako, kwa saa za Kiswahili, na neno "asubuhi" au "jioni" mbele yake, kabla hujafunga kamba za viatu. Mtacheka, najua. Endeleeni kucheka, mimi ufuoni nitakuwa nimekauka miguu.

Kwa nini nalipigia kelele hivi? Kwa sababu maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6 na robo. Gawanya kimo chote kwa 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani nusu ya maji yote huja ndani ya saa mbili za katikati. Bamvua likipandisha kama mita 3, hizo saa mbili peke yake ni mita moja na nusu. Ufuo ukiwa na mteremko wa 1 kwa 20, mita moja na nusu ya kimo imekula mita 30 za mchanga mgumu. Mkimbiaji aliyetoka maji yamepwa huona saa ya kwanza hakuna kilichobadilika, anajipa moyo, anaongeza kilomita mbili. Akigeuka anakuta alikopita hakupo.

Hapo anasukumwa juu kwenye mchanga mlaini chini ya vilima. Kukimbia kwenye mchanga mlaini hula nguvu kama mara 1.6 ya ardhi ngumu, hivyo kilomita 7 za kurudi mwili huzihesabu kama 11, nazo zinakuja mwishoni, jua limeshakuchoma. Kisigino kinazama, mshipa wa nyuma ya kifundo unavutwa kila hatua, mashavu ya mguu yanawaka. Ukikwepa mchanga mlaini ukang'ang'ania ukingo wa maji, ufuo uliojaa una mteremko mkali pale juu, mguu wa upande wa bahari unatua chini kuliko wa pili, na goti la nje ndilo hulipa. Watu husema kwenda na kurudi kunasawazisha. Wapi! Unakwenda ukiwa mzima, unarudi umechoka, basi upande mmoja ndio unaoumia.

Wakati wa kusi ongeza na upepo. Ufuo wa Shela umetazama bahari kuu, kusi linausukumia maji usoni, na mawimbi hupanda juu ya pale jedwali linaposema yataishia. Na usifikirie kukata njia kwa kupanda vilima vya mchanga. Ni polepole kuliko hata ufuo mlaini, na ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya Lamu, havitaki msururu wa nyayo.

Kwa hiyo ni hivi: mahali pa mbali kabisa pa mbio zako pawe nyuma yako kabla maji hayajapwa mwisho. Usigeuke maji yakianza kupanda, wala yakiwa yametulia. Geuka yakiwa bado yanatoka. Kwa kilomita 20 za mwendo wako, toka Mkunguni si chini ya dakika 90 kabla ya kupwa. Ukigeuka kwenye dakika ya 60, bado una nusu saa ya maji yanayoendelea kutoka, na dakika 12 za mwisho za ufuo maji yamelala. Ukipata jeraha ukalazimika kutembea, bado una nafasi.

Jumapili yako maji yatapwa kama saa nne na nusu asubuhi. Toka Mkunguni saa moja na nusu, saa nne kasoro robo umeshakaa kivulini. Mwanzoni mchanga mgumu utakuwa mwembamba, lakini kila dakika unapanuka. Jua ni kali, sikatai. Kama lazima iwe jioni, hamisha wiki moja. Maji huchelewa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku 7 ni karibu saa 6, na Jumapili ya pili, mwezi 23, yatapwa kwenye saa kumi na dakika 20 jioni. Toka saa tisa kasorobo, umerudi saa kumi na moja kasorobo, kabla ya Magharibi. Maji mafu hayatoki mbali kama bamvua, mchanga mgumu utakuwa mwembamba kidogo, lakini pia hayakufukuzi.

Hesabu ya mwezi ni ya kukadiria, inaweza kuteleza nusu saa na zaidi. Inafaa kwa kugundua jedwali bovu. Saa kamili chukua kwenye jedwali la Kilindini lenye saa za Kenya.

Kipande cha Mkunguni hadi Shela ni chepesi. Shida ni kamba za mashua zilizofungwa kukatiza njia kwa urefu wa kifundo cha mguu, ngazi zenye ukoga, na punda wenye matumbawe mgongoni. Punda ana haki ya njia, wewe simama. Maji yakiwa yamefika ukutani mbele yako, ingia njia ya ndani nyuma ya nyumba. Asubuhi usipite Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji, hauna upana wa punda na mkimbiaji kwa pamoja. Ukipita Shela hakuna duka, hakuna kivuli, hakuna mashua ya kukurudisha. Beba lita moja na nusu ya maji na mwenzako mmoja, maana mbele huko ufuo ni mtupu.

Viatu: soli nyembamba kiasi, vinavyotoa maji haraka. Peku kilomita 14 usijaribu kama hujazoea.

Na kama hilo jedwali la Kilindini hulipati, Jumamosi jioni nenda gatini uwaulize mabaharia kesho maji yapwa saa ngapi. Watakujibu kwa saa za Kiswahili, za hapa hapa Lamu. Usiongeze 3, usitoe 6, iandike kama ulivyoisikia.