Nani anaamua mambo ya barabara na treni kaunti ya Riverside, California? (Jibu refu)

Mkuu, umesema umehamia Moreno Valley, ukaenda ofisi ya mji kulalamikia foleni ya barabara ya 91 na treni chache za jioni, ukaambiwa hayo ni mambo ya tume ya kaunti. Sasa unauliza tume hiyo ni ya nani na wajumbe wake wanachaguliwa lini. Mimi nimekuwa abiria wa treni ya Perris Valley tangu ilipoanza mwaka 2016, na nimekaa kwenye vikao vya tume hiyo mara kadhaa. Nitakueleza nilivyoielewa.

Kura ya kuwachagua usiingojee, haipo. Tume hiyo, RCTC (Riverside County Transportation Commission, yaani tume ya usafiri ya kaunti), imetokana na sheria ya jimbo ya mwaka 1976, na ina wajumbe 34. Watano ni wasimamizi wa kaunti (supervisors, yaani wajumbe wa baraza la kaunti wanaochaguliwa na wananchi), wote. Kila mji kati ya miji 28 ya kaunti unamleta mtu mmoja, ambaye ni meya au diwani aliyeteuliwa na wenzake wa baraza. Wa 34 anateuliwa na Gavana wa California, anakaa na kuchangia hoja lakini hapigi kura. Jurupa Valley ilipopata hadhi ya mji mwaka 2011 ikapata na kiti chake. Blythe, kule mpakani na Arizona, ina kiti kimoja, na Riverside yenye watu zaidi ya laki 3 nayo ina kimoja.

Kwa hiyo mjumbe wako kwenye tume ni mtu ambaye huenda ulimpigia kura ukidhani unachagua wa kushughulikia mitaro na taa za mtaani. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Watu wengi wanaiona tume kama idara ya serikali iliyo mbali, kumbe anayewawakilisha ni diwani wanayekutana naye sokoni. Nilipofika huku nilizunguka ofisi tatu kabla ya mtu kuniambia hivyo.

Lakini tume yenyewe si mwenye kila kitu. Barabara kuu ni za Caltrans, idara ya jimbo; mfikirie kama TANROADS ya huku. Mabasi ya upande wetu ni ya RTA (Riverside Transit Agency), shirika lenye bodi yake. Treni ni za Metrolink, shirika la pamoja la kaunti 5, ambalo bodi yake ina kura 11 na Riverside ina mbili tu. Kwa hiyo ukitaka treni ya jioni iongezwe, tume peke yake haiwezi kuagiza. Inachangia fedha, inamiliki stesheni 9, na watu wake wawili wanakwenda kutetea hoja mbele ya wenzao wa Los Angeles, Orange, San Bernardino na Ventura.

Nguvu yake kubwa ni fedha. Mwaka 1988 wananchi wa kaunti walikubali Measure A, kodi ya mauzo ya nusu senti kwa kila dola, na mwaka 2002 wakaiongezea muda hadi 2039. Nyongeza hiyo ilihitaji theluthi mbili ya kura, ikazipata. Ukinunua viatu vya dola 100, senti 50 zinakwenda huko. Mpango wa matumizi ulipigiwa kura pamoja na kodi yenyewe, na fedha zinagawanywa kati ya magharibi ya kaunti, bonde la Coachella na bonde la Palo Verde kwa kufuata mahali zilikokusanywa. Mjumbe hawezi kuamka asubuhi akazihamishia kwake. Napenda sana kwamba hili limeandikwa, halitegemei wema wa mtu.

Vikao vya tume nzima ni Jumatano ya pili ya mwezi, saa 3:30 asubuhi, jengo la kaunti pale Lemon Street. Mara ya kwanza niliomba ruhusa kazini, nikakaa nikisubiri mjadala wa jambo langu. Haukuwepo. Lilikuwa kwenye fungu la mambo yanayopitishwa kwa mkupuo, kura moja, yakaisha. Mjadala ulikwishafanyika wiki mbili kabla, kwenye kamati. Wataalamu walio chini ya Mkurugenzi Mtendaji, ambaye anaajiriwa na tume, wanaandika taarifa, kamati inaichambua, na tume nzima mara nyingi inaidhinisha tu. Usifanye kosa langu: nenda kwenye kamati.

Sheria ya Brown Act ya mwaka 1953 inataka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla, na inakupa haki ya kusema. Utapewa dakika 3. Ukizungumzia jambo lisilo kwenye ajenda, watakusikiliza na kunyamaza. Mimi niliumia, nikadhani wamenidharau. Kumbe sheria inawazuia kujadili jambo ambalo umma haukutangaziwa. Wiki iliyofuata mtumishi wa tume alinipigia simu tukazungumza nusu saa nzima.

Ukiona mjumbe anajitoa kabla ya kura ya mkataba, usishangae pia. Akiwa amepokea zaidi ya dola 500 za kampeni kutoka kwa mzabuni ndani ya miezi 12, haruhusiwi kushiriki.

Kwako wewe, hatua ya kwanza ni kuliuliza baraza la mji wa Moreno Valley nani mjumbe wao kwenye RCTC mwaka huu na nani mbadala wake, maana uteuzi hubadilika. Muombe akuambie suala la treni linakwenda kamati gani na tarehe ngapi. Mpelekee barua fupi yenye saa za treni unazozikosa. Ukiipata ajenda na usiielewe, iweke hapa tuisome pamoja.