Slieve Carr si mlima wa kudharau: kwa wanaopanda mara ya kwanza

Kwa namba tu, Slieve Carr hautishi. Una mita 721, uko Mayo, magharibi mwa Ireland, na mtu mwenye mapafu mazuri anaweza kuuona kama matembezi ya asubuhi. Lakini barabara iko mbali, njia iliyochongwa hadi kileleni hakuna, na sehemu kubwa ya safari unakanyaga mboji iliyolowa. Wapandaji wa huko huuita mlima wa mbali kuliko yote nchini.

Kwa hiyo anza na hesabu ya muda. Wengi hutumia kanuni ya Naismith ya mwaka 1892: kilomita 5 kwa saa, halafu saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 10 zenye mwinuko huo ni saa 3. Kwenye tope lile mimi huhesabu kilomita 2 kwa saa, na mvua ikinyesha hata hizo ni za kuomba Mungu. Desemba jua linazama kabla ya saa 10:30 jioni, usiende.

Ukishaingia, tazama majani. Kwenye hetha, vile vichaka vifupi vyenye vijiti vigumu, mara nyingi pana nafuu. Ukiona vishada vyeupe kama pamba, maji yapo. Ile kijani inayong'aa, inayokuita kabisa, iepuke: chini yake huwa uji mtupu. Chomeka fimbo kwanza. Mguu ukinasa usiukurupushe, utatoka bila buti. Egemea nyuma, chezesha kisigino hadi maji yaingie pembeni, kisha uutoe polepole.

Kuna mahali mvua imeikata mboji ikawa mitaro yenye kuta za kufika kifuani. Ukizungukazunguka humo kwenye ukungu, uelekeo unapotea upesi, basi kila ukitoka soma dira upya. Vijito navyo hufura ghafla, kwa sababu mboji iliyoshiba hainywi tena maji. Ulichovuka asubuhi kwa hatua moja huenda jioni kisivukike, hivyo weka kwenye ramani njia ya pili ya kurudi.

Mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Ukiwa bado mjini, tuma neno "register" kwenda 112, namba ya dharura ya huko, ili baadaye uweze kuomba msaada kwa ujumbe mfupi pale sauti inapokataa.