Chuo Kina Hati Safi, Mbona Sijalipwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi seremala wa Ng'ong'ona, Dodoma. Septemba mwaka jana nilipeleka vitanda na meza katika chuo kimoja cha umma, mzigo ukapokewa kwa saini na muhuri, lakini hadi leo kila nikienda uhasibu naambiwa Hazina haijaleta fedha. Mwezi Aprili gazeti liliandika kwamba chuo hicho kimepata hati safi, na Mei nikasikia redioni kuwa Bunge limepitisha mabilioni ya Wizara ya Elimu. Mtaji wangu umekwama huko. Nani anasema kweli?

JIBU: Ndugu yetu fundi, pole sana. Huenda wote wanasema kweli, na hapo ndipo lilipo tatizo la habari hizi zinavyoandikwa.

Hati safi, ambayo wakaguzi huiita hati inayoridhisha, ni maoni ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kwamba vitabu vya taasisi vimeandaliwa kwa kufuata viwango na vinaonyesha hali yake ilivyo. Taasisi zetu za umma huandaa hesabu kwa mfumo unaotaka deni liandikwe pale bidhaa inapopokewa, hata kama haijalipiwa. Kwa hiyo chuo kinachodaiwa na mafundi, wazabuni wa chakula na wahadhiri wenye malimbikizo, kikiyaandika madeni hayo yote bila kuficha, kinaweza kupewa hati safi kikiwa hakina fedha za kuwalipa. Hati si cheti cha kulipa watu kwa wakati, na mwandishi anayeitangaza kama sifa ya uongozi bila kufungua ukurasa wa madeni anawanyima haki watu kama wewe.

Isitoshe, ripoti uliyoisoma haikuhusu vitanda vyako. Mwaka wa fedha wa Serikali huisha 30 Juni, na kwa Ibara ya 143 ya Katiba Mkaguzi Mkuu humkabidhi Rais ripoti yake, ndipo inapowasilishwa bungeni. Ile iliyotoka Aprili ilihusu mwaka ulioishia Juni mwaka jana, yaani kabla hujapeleka mzigo.

Kuhusu mabilioni, Bunge linapopitisha bajeti linatoa idhini ya kutumia, halitoi fedha taslimu. Fedha hutolewa na Hazina kidogo kidogo katika mwaka unaoanza Julai, kadiri makusanyo yanavyoruhusu. Tena sehemu kubwa ya fungu hilo ina wenyewe: kuna mikopo ya wanafunzi, ile inayoleta bumu, yaani fedha za kujikimu za wanafunzi, ambalo likichelewa maduka ya Ng'ong'ona yote huuza kwa daftari, na kuna miradi yenye masharti yake. Mradi wa HEET, kwa mfano, ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, ni wa kujenga na kuboresha vyuo. Chuo hakiwezi kuchota humo kulipa deni la samani lisilo la mradi. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba kila takwimu ya chuo iandikwe pamoja na hali yake: imeidhinishwa, imetolewa, au imekwisha kutumika.

Hata hivyo, jibu la uhasibu halitoshi. Uliza kwa maandishi vitanda vyako viliagizwa kwa kasma ipi, yaani fungu gani la bajeti, ya ruzuku ya Serikali au ya mapato ya ndani, yaani ada na vyanzo vingine vya chuo chenyewe. Kama ni mapato ya ndani, Hazina si sababu. Barua iende kwa Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha za chuo, ukiambatisha nakala ya oda, hati ya kupokelea mzigo na ankara, na umtake athibitishe kama deni lako limehakikiwa na mkaguzi wa ndani, kwa sababu deni lisilohakikiwa hurushwa mwaka hadi mwaka. Usiondoke bila nakala yako kupigwa muhuri wa masjala. Kama oda ilitolewa kwa mdomo, nje ya NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, lieleze hilo waziwazi katika barua, maana aliyekuagiza hivyo anapaswa kujibu yeye kwanza kabla yako.