Re: Altered Carbon sizoni ya 2, niendelee au niishie ya 1?

Mkuu, kwenye hii series ya sayansi ya kubuni ya Netflix, sizoni ya kwanza (2018) ndo yenyewe, hiyo haina mjadala. Ile stori ya kumbukumbu za mtu kukaa kwenye kidude shingoni, akifa anahamishiwa mwili mwingine, tajiri anaishi karne na karne ila maskini anapewa mwili wowote uliopo, kuna katoto ka miaka 7 kaligongwa na gari kakarudishwa kwenye mwili wa mama mtu mzima, aisee iliniuma sana. Ya 2 (2020) Anthony Mackie kachukua nafasi ya Joel Kinnaman kama mhusika mkuu, kwake sina neno, ila upelelezi umepoa. Iangalie kwa ajili ya Poe, yule AI (akili bandia) anayeendesha hoteli, anavyoanza kupoteza kumbukumbu na hataki kuwashwa upya asije akasahau aliowapenda. Ni episodi 8 tu, na Netflix hawakuiendeleza.