Muulize Fundi: Usukani unagonga, nati imebanwa mpaka basi

Barua za mara hii nyingi ni za shingo ya baiskeli: pale foko linapopita ndani ya fremu na usukani unapokaa juu yake. Nimechagua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu kwa sababu wengi mna shida hiyohiyo, ila mnaieleza kwa maneno tofauti.

*Mzee fundi, salamu. Mimi ni boda boda wa baiskeli hapa Busia, upande wa Uganda. Nikishika breki ya mbele usukani unagonga ko-ko-ko. Kila nikienda kwa fundi anabana nati ya juu kwa spana kubwa. Kelele imeisha, lakini sasa usukani unanasa katikati. Nikitaka kukwepa shimo mpaka niulazimishe, na abiria wanalalamika kwamba nayumba. Nifanye nini?*
*Mwendeshaji, Busia*

Mwanangu, mwombe huyo fundi aweke ile spana chini kwanza.

Kabla ya kufungua kitu, hakikisha kelele ilikuwa inatoka shingoni. Shika tairi la mbele kwa juu, litikise kushoto na kulia. Likicheza, shida iko kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na shingo yako haina kosa. Kama habu ni nzima, bana breki ya mbele, weka kidole pale bakuli la chini (kikombe cha chuma kinachobeba gololi) linapokutana na foko, kisha isukume baiskeli mbele na nyuma. Kidole kinahisi mchezo ambao jicho halioni. Breki nayo inaweza kukudanganya, maana vyuma vyake vikilegea hugonga vilevile. Kwa hiyo geuza gurudumu litazame pembeni kabisa, sukuma tena bila kushika breki. Bado inagonga? Basi ni shingo.

Hilo la kunasa katikati silihitaji hata kuiona baiskeli yako. Ukiwa barabarani unageuza usukani kidogo sana, hasa kwenye njia iliyonyooka. Gololi zilezile zinakaa palepale, na kila shimo la marram linazigonga palepale. Grisi inasukumwa kando, chuma kinasagana na chuma, na mwisho kila gololi inajichimbia kijishimo chake. Bakuli la chini ndilo huumia zaidi kwa sababu ndilo linalopokea kishindo cha barabara. Sasa ukibana nati, unazidi kuzikandamiza gololi ndani ya vijishimo hivyo. Usukani ukifika katikati unadumbukia, na ndiyo hiyo kunasa unayoisema. Kuyumba nako ni hapohapo: baiskeli husimama wima kwa sababu unasahihisha usukani kidogo kidogo bila kujua, na usukani ulionasa haukuruhusu. Ukiwa na abiria nyuma na dumu limening'inia kwenye hendo (nawajua nyinyi), hapo kuanguka ni suala la muda.

Ifungue. Tandika gunia chini, kwa sababu gololi zitamwagika. Toa vyuma vya breki vilivyoshikana na usukani, legeza bolti ndefu ya shingo mizunguko michache, weka kipande cha mbao juu ya kichwa chake ugonge mara moja kwa nyundo. Kabari iliyo ndani itaachia na usukani utavutika juu. Halafu toa nati ya juu, washa yake, na bakuli la juu linalozunguka kwenye nyuzi za foko, ile mistari ya skrubu. Huku unazungusha bakuli, shika foko kwa mkono mwingine lisiporomoke.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa. Sasa chukua kalamu ya wino, pitisha ncha yake polepole kwenye njia ya gololi ndani ya bakuli la chini. Njia nzima ikiwa laini, kalamu itateleza. Ikiwa na vijishimo, utasikia tik, tik, tik mkononi, na ukiinamisha bakuli juani utaviona vimejipanga duara, vinang'aa. Ile koni, pete ya chuma iliyokaa chini kwenye foko ambayo gololi huizunguka, ikague hivyohivyo.

Vikiwepo, dawa ya kweli ni seti mpya. Lakini najua siku ya boda bila baiskeli ni siku bila chakula, kwa hiyo nitakupa ya kukuvusha. Kama gololi zako zilikuwa zimeshikwa kwenye pete ya bati, tupa pete hiyo, weka gololi huru. Zitaingia nyingi zaidi, na kwa kuwa idadi imebadilika, haziwezi kudumbukia zote kwa pamoja kwenye vijishimo vya zamani. Nunua mpya zote, usichanganye na za zamani. Kwa baiskeli nyingi za shingo ya nyuzi saizi ni inchi 5/32, karibu milimita 4. Usipewe za habu ya mbele, hizo ni kubwa kidogo, inchi 3/16. Paka grisi nzito kwenye bakuli, zipange ndani yake mpaka duara lijae, kisha toa moja ili zipate nafasi ya kubiringika. Grisi yenyewe itazishikilia hata ukigeuza bakuli chini juu.

Kufunga ndiko wengi wanakoharibu. Zungusha bakuli la juu kwa vidole tu mpaka liguse gololi, kisha lirudishe nyuma kidogo sana. Weka washa, weka nati. Hapo unahitaji spana mbili: moja nyembamba ishike bakuli lisizunguke, nyingine ikaze nati juu yake. Nati inapokaza hulisukuma bakuli chini kidogo, ndiyo maana nimekwambia uliache limelegea kidogo. Fundi mwenye spana moja huzungusha vyote viwili pamoja, halafu anashangaa.

Jaribu kwa kidole kama mwanzo: pasiwe na mchezo. Kisha inua upande wa mbele, iinamishe baiskeli kidogo kulia, kidogo kushoto. Gurudumu linatakiwa ligeuke lenyewe kwa uzito wake, bila kusitasita katikati. Likikataa umebana sana. Legeza nati, rudisha bakuli nyuma kidogo, funga tena. Mimi mwenyewe sipati mara ya kwanza, hurudia mpaka mkono uridhike. Ukishabeba abiria siku mbili tatu, iangalie tena, maana vitu vipya hujikalia.

*Fundi, habari za kazi. Nina baiskeli ya mtumba ya milima, shingo yake haina nyuzi, juu kuna kifuniko chenye bolti moja. Nimekaza bolti hiyo mpaka mwisho na usukani bado unacheza. Pia mikono inaniuma kwa kuinama.*
*Muuguzi, Jinja*

Dada, pole na mikono. Huu ni mfumo mwingine kabisa. Kampuni ya Dia-Compe ilianza kuuuza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sasa karibu baiskeli zote za milima zinautumia. Kile kifuniko cha juu hakishikilii usukani. Kazi yake ni kukandamiza shingo (hapa nina maana kile kipande kinachoshika usukani) na pete zilizo chini yake ili beringi zikae vizuri, basi. Zinazoshikilia ni zile bolti mbili za ubavuni mwa shingo, na kama hukuzilegeza kwanza, ulikuwa unakaza kifuniko bure.

Legeza za ubavuni. Kaza ya juu kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) robo robo, ukipima kwa kidole na breki kama nilivyomweleza mwenzako wa Busia. Mchezo ukiisha, acha hapo. Nyoosha usukani na gurudumu, ndipo ukaze za ubavuni kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo.

Ikikataa bado, toa kifuniko uchungulie. Bomba la foko linatakiwa liishie karibu milimita 3 chini ya mdomo wa shingo. Likiwa sawa na mdomo, kifuniko kinagota kwenye bomba na hakikandamizi kitu. Ongeza pete moja juu au chini ya shingo. Kama bomba liko chini vya kutosha, angalia nati ya nyota iliyo ndani: ikiwa inapanda pamoja na bolti, imekwisha, igongewe nyingine.

Kwa mikono: pete zilizo juu ya shingo zihamishie chini yake, na shingo yenyewe igeuze juu chini kama imeinama. Usiivute juu ukaacha pengo, na nakusihi usilikate bomba hata kidogo.

*Ssebo, mimi mrefu. Nataka kupandisha usukani wa baiskeli yangu ya breki za vyuma. Nipandishe mpaka wapi?*
*Mwanafunzi, Lira*

Mpaka kwenye alama ya mistari iliyochorwa kwenye bomba la shingo. Mistari hiyo isionekane nje. Kama imefutika na kutu, acha angalau sentimita saba ndani. Wakati imetoka, paka grisi bomba lote, la sivyo litashikana na foko. Kisha urekebishe chuma cha breki ya mbele palepale, kwa sababu usukani unapopanda hukivuta juu na breki inaweza kubaki imejibana.

*Fundi, nimenunua bakuli mpya na zimekataa kuingia kwenye fremu. Nizigonge tu?*
*Mchukuzi wa matoke, Mbale*

Hapana. Kuna bakuli za milimita 30.0 na za 30.2, na koni ya foko nayo ina 26.4 na 27.0. Kwa macho hutaona tofauti. Ukigonga kwa nguvu utapasua fremu. Zirudishe dukani, uende na bakuli la zamani pamoja na foko lenyewe, na usitoe pesa mpaka muuzaji avipime mbele yako.