Kabla hujawasha tanuri, weka chombo shavuni

Wanaokuja karakanani kwangu hapa Bagamoyo kutaka kujifunza ufinyanzi huanza kwa kuuliza bei ya gurudumu. Mimi huwauliza: una rafu ngapi za kuanikia?

Masika moja nilipokea oda ya vikombe 40 vya hoteli. Mvua hainyamazi, upepo wa bahari umejaa unyevu, na mteja anapiga simu kila siku. Kwa macho vikombe vilikuwa vimekauka, vimepauka kabisa. Nikavipanga, nikawasha. Haikupita muda nikasikia ndani ya tanuri mlio kama wa bisi. Maji yaliyojificha kwenye udongo yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hupasua. Kesho yake nilitoa vikombe 11. Vingine vyote vigae.

Tangu hapo sichomi chombo kabla sijakiweka shavuni, tena upande wa kitako, maana ndiko kuliko na unene. Kikiwa cha baridi bado kina maji, hata kiwe kimepauka vipi. Kirudishe rafuni. Masika kikombe nakipa wiki mbili, siku za mwanzo nikikifunika nailoni, kwani mkono ukitangulia kukauka huachia. Moto nao uanze polepole. Shika kioo mbele ya tundu la tanuri. Kikiingia ukungu, usiongeze.

Udongo nao uujue. Stonwea, yaani udongo wa vyombo vigumu visivyopitisha maji, huchomwa hadi nyuzi 1,250 hivi, ukuta wake ukashikamana kama jiwe. Udongo mwekundu wa mtoni, wanaofinyangia mitungi bibi zetu, hauwezi moto huo. Wangu ulivimba ukalala rafuni kama uji. Nikahamia mchanganyiko wenye kaolini ya Pugu, udongo mweupe unaostahimili. Lakini mtungi usiudharau: huchomwa kwa moto mdogo, hutoka jasho, na jasho hilo ndilo linalopoza maji.

Kwenye bei, hesabu na vilivyopasuka. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, nami sitaki mwanafunzi wangu yeyote aishi hivyo.

Yule wa hoteli nilimweleza ukweli, akasubiri. Siku hizi oda ya masika naipokea kwa wiki sita. Anayeona ni nyingi namwonyesha kapu la vigae vya vile vikombe, bado liko chini ya meza yangu.